Muda Uliolala Kwenye Mstari

Usiku mmoja mwezi uliopita nilichukua peni ya Bic ya bluu, hii hii inayouzwa kwenye kila duka la mtaani, nikafungua daftari la mistari nikachora yai. Umbo lake halikunichukua dakika moja. Kazi ilikuwa kulitia kivuli, lionekane lina tumbo na mgongo, mtu aone kwamba akiligusa litabiringika. Peni haina rangi ya kati: inaweka wino au haiweki. Ukitaka bluu iliyofifia huna budi kuitengeneza kwa mistari. Unapitisha mistari myembamba upande mmoja, unaikata kwa mingine ya mshazari, kisha mingine tena, na kadiri inavyobanana ndivyo kivuli kinavyozama. Kila baada ya muda ncha hukusanya wino ikatoa donge, na usipoipangusa inakuharibia ukurasa. Kufuta hakuna. Yai lile lilinichukua saa moja na dakika arobaini, na upande wake wa kushoto ulibaki bapa.

Nilikuwa nataka kujua kitu kimoja tu: Emil Ferris alitumia muda gani kuuchora uso wa Anka.

Anka Silverberg ni jirani wa ghorofa ya juu katika My Favorite Thing Is Monsters, kitabu cha hadithi ya picha cha Ferris kilichotoka Marekani mwaka 2017. Mji ni Chicago, mwaka ni 1968, Anka amekufa, na anayejitwika kazi ya kuchunguza kifo chake ni Karen Reyes, binti wa miaka kumi. Karen hujichora mwenyewe akiwa na chonge na masikio ya mbwamwitu, maana ameshaona watu wa mtaani kwao wanavyotendeana, na anaona zimwi lina heshima zaidi. Kitabu chote ni daftari lake. Karatasi zina mistari ya bluu, zina matundu ya waya pembeni, hazina namba za kurasa, na karibu kila kilichomo kimechorwa kwa peni za kawaida za wino. Ni takribani kurasa mia nne za kazi ile iliyonishinda kwenye yai moja.

Ferris alikuwa na miaka 40 alipoumwa na mbu mwenye kirusi cha West Nile. Kirusi hicho kilitambuliwa kwa mara ya kwanza huku kwa jirani zetu, Uganda, mwaka 1937, na jina lake ni la wilaya kilikopatikana. Kilimpoozesha miguu, na mkono wake wa kulia, mkono wa kuchorea, ukaisha nguvu. Alianza upya kwa kujifungia kalamu mkononi kwa utepe. Akaingia chuo cha sanaa cha Art Institute, akachora kwa miaka, na kitabu kilipokamilika wachapishaji 48 walikikataa kabla ya mmoja kukikubali. Hata baada ya kuchapwa, shehena ya kwanza ilikwama Panama kwa sababu kampuni ya meli ilikuwa imefilisika. Nayasema haya kwa sababu kila mstari wa kitabu kile ulihitaji mkono ule ukubali kusogea, na ulikubali mara maelfu kwa maelfu.

Sasa shika ukurasa wenye uso wa Anka, uusogeze karibu na taa. Mistari haikulijaza shavu, imelifuata. Inateremka na mfupa, inazunguka chini ya jicho, inajikaza kwenye pembe ya mdomo, kama msusi hodari anavyolifuata fuvu la mteja wake. Mwenye kichwa kirefu hasukwi sawa na mwenye kichwa cha duara, hata kama wote wawili wameomba mtindo uleule. Juu ya bluu kuna kijani, juu ya kijani kuna zambarau kidogo, na mahali ambapo Ferris ameacha karatasi wazi ndipo mwanga unapotua. Chini ya yote hayo mistari ya daftari inaendelea kupita, haikufichwa. Unamtazama mwanamke aliyepita katika Ujerumani ya Hitler akatoka hai, na wakati huohuo husahau kwamba unayemtazama amechorwa na mtoto aliyekuwa akimpenda.

Pengine ndiyo maana kitabu hiki kilinishika mapema hivyo. Darasani kwetu kurasa za nyuma za daftari la Hisabati hazikuwa za Hisabati. Yeyote aliyebahatika kupata nakala ya Sani, gazeti la katuni, aliipitisha chini ya madawati, na ilipofika kwako ulikuwa na kipindi kimoja tu cha kumnakili mhusika wake Ndumilakuwili kabla ya kengele. Tulijifunza kwa kunakili, na kwa peni, kwa sababu penseli ilikuwa ya Sayansi na ikivunjika hupewi nyingine. Nakumbuka nilivyoshangaa kwamba pua ya Ndumilakuwili, ambayo kwenye gazeti ilikuwa mstari mmoja, ilinishinda mara kumi na mbili mfululizo. Mstari mmoja wa mchora katuni aliyekomaa umebeba mingine mia ambayo hakuichora.

Kitabu cha Ferris kina kasoro na sitaifunika. Kuna kurasa ambazo maneno yamejaa hadi pembezoni, mwandiko wa mkono umebanana na michoro, na jicho linakosa pa kupumzikia. Mara mbili nililazimika kukiweka chini nikatoka nje kidogo. Juzuu la pili, lililotoka mwaka 2024, bado sijalipata. La kwanza lilinijia kwenye begi la dada yangu aliyekuwa anarudi nyumbani, na begi lake lina mizigo ya watu wengi.

Baada ya Ferris nilipitia Here ya Richard McGuire kwa jioni moja, na pengine si haki kukisoma kwa haraka hivyo. Kilianza kama kurasa sita mwaka 1989, kikakua kuwa kitabu kizima mwaka 2014. Chote ni pembe moja ya chumba kimoja, na kona ya kuta imekaa palepale kwenye mkunjo wa kitabu, ukurasa baada ya ukurasa. Kinachobadilika ni mwaka. Ndani ya picha ya chumba cha mwaka fulani kinafunguka kidirisha cha mwaka mwingine, na humo mtu anaketi, au mnyama anapita kabla nyumba haijajengwa. Nilikistahi sana. Sikukipenda kama nilivyompenda Karen, kwa kuwa hakuna mtu ninayekaa naye vya kutosha hata nikamjua jina. Lakini kilinifundisha kuitazama mianya iliyoko kati ya picha, na somo hilo nilikwenda nalo kwenye kitabu kilichofuata.

Kitabu hicho ni The Arrival cha Shaun Tan, Mwaustralia ambaye baba yake alihamia huko kutoka Malaysia. Kilitoka mwaka 2006, kwa hiyo wengi wenye hamu na mambo haya walikisoma zamani. Mimi nimekisoma mara nne mwaka huu. Hakina neno hata moja linalosomeka. Mwanamume anafunga mizigo, anamwacha mke na binti yake katika mji ambao juu ya mapaa yake kinapita kivuli cha mkia wenye miiba, anapanda meli, anafika nchi asiyoijua, anatafuta chumba na kazi, na mwishoni familia inamfuata. Kisa ni hicho tu, na kila mtu wa pwani yetu ana babu au bibi ambaye kisa chake kinafanana nacho.

Ukurasa wa kwanza una visanduku tisa. Ndege wa karatasi. Saa. Kofia kwenye ndoano. Sufuria. Mchoro wa mtoto. Birika lenye ufa. Kikombe kinachotoa moshi. Sanduku la safari. Picha ya familia. Huoni mtu yeyote akiondoka, hakuna anayelia. Lakini ukifika kisanduku cha tisa umeshajua kwamba kuna anayeondoka, kwamba hataki, na kwamba nyumba hii ilikuwa na furaha. Nilijiuliza nimeyajuaje. Tan hakuyachora. Nimeyaweka mwenyewe pale katikati, kwenye ile mianya myeupe kati ya kisanduku na kisanduku.

Zanzibar niliwahi kukaa barazani na bibi mmoja aliyekuwa anashona kofia za mkono. Nilikuwa nimedhani kwamba ua la kofia linatokana na uzi. Alinyanyua kitambaa mbele ya mwanga wa mlango, nikaona vitundu vidogo vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi ili kisifumuke. "Uzi unakishika tu, mwanangu," aliniambia. "Ua lenyewe ndicho kitundu." Kofia moja nzuri huchukua miezi, na sehemu kubwa ya miezi hiyo inakwenda katika kuzunguka mahali pasipo na kitu. Tangu hapo kila ninapofika kwenye mwanya wa Tan namkumbuka bibi yule. Visanduku ni uzi.

Na kuna kurasa mbili za mawingu. Meli imo baharini, siku zinapita, na mwandishi wa maneno angesema siku zilipita akaendelea na safari. Tan amechora mawingu sitini katika visanduku sitini vidogo, vilivyopangwa kama vigae: wingu jembamba, wingu zito, la mvua, lililochanika, jeusi la usiku, jeupe la asubuhi. Mara ya kwanza nilivipita kwa sekunde tano. Mara ya tatu nilikaa navyo robo saa, nikatambua kwamba safari ile ina urefu wa kadiri ninavyokubali kuitazama. Amechora kila wingu kwa penseli, kwa subira ileile anayochorea uso. Angeweza kuchora kumi akayanakili. Nimetafuta yaliyorudiwa, sijayapata.

Kazi ilimchukua miaka minne hivi. Alipiga picha za watu aliowapanga mithili ya waigizaji, akatumia picha hizo kupata mikao ya miili na mwanga, kisha akachora yote upya kwa penseli, hata kitabu kikawa kama albamu ya zamani ya familia iliyochakaa kwenye kabati. Nchi anayofika msafiri wake ina herufi ambazo Tan amezibuni mwenyewe. Zimo kwenye mabango, kwenye tiketi, kwenye masanduku ya chakula. Msafiri hawezi kuzisoma, nami siwezi. Naona hapo ufundi na utu vikiwa kitu kimoja. Angeweka Kiingereza kwenye mabango yale, msomaji wa Kiingereza angekuwa mwenyeji na msafiri angebaki mgeni peke yake. Kwa herufi za kubuni wote tumeshuka melini pamoja, na inapofika zamu ya kununua mkate tunanyoosha vidole sote.

Napenda pia kwamba Tan anajua wakati wa kuvunja vigae. Baada ya kurasa za visanduku vidogo vya vidole, vikombe na funguo, unageuza ukurasa na mji unajaa kurasa mbili nzima, minara na ndege na sanamu kubwa, pumzi inakata. Mchora hadithi asiyejua hesabu hii humwaga picha kubwa kila mahali, zikawa hazina ukubwa tena. Nimesoma vitabu kadhaa vya namna hiyo mwaka huu, vyenye rangi za kompyuta zinazong'aa kila pembe, na baada ya wiki sikuweza kukumbuka hata ukurasa mmoja.

Kitabu cha mwisho nilichosoma kina maji ninayoyajua. Madame Livingstone kilitoka Ufaransa mwaka 2014. Kimechorwa na Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani ambaye pia ni mpiga gitaa, na maneno yana mkono wa Christophe Cassiau-Haurie. Ni Vita Kuu ya Kwanza, Ziwa Tanganyika. Rubani Mbelgiji anafika upande wa Congo na kazi ya kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Anayemwongoza ni mtu mwenye asili mbili, anayevaa sketi ya Kiskoti na kujitaja kuwa mwana wa Livingstone, ndipo watu wakampa jina lililoko kwenye jalada.

Meli hiyo kwetu Kigoma haihitaji utambulisho. Ilitengenezwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam kwa makasha na kupandishwa treni hadi ziwani, ikashushwa majini mwaka 1915. Wabelgiji kweli walileta ndege za kutua majini wakaidondoshea mabomu. Mwaka 1916 Wajerumani, walipoona wanaondoka, waliizamisha wenyewe baada ya kuipaka mitambo yake grisi. Ikaibuliwa mwaka 1924, ikaitwa Liemba, na vizazi vya watu wa ziwani wameipanda na magunia yao ya dagaa, mahindi na kuku wao.

Baruti anapaka rangi kwa mkono, na ziwa lake si bluu. Mimi niliyekulia hapo naweza kushuhudia kwamba ziwa lile huwa bluu kwa saa chache tu. Kwake ni kijivu cha bati, ni kijani cha majani yaliyooza ukingoni, ni kahawia baada ya mvua, ni rangi ya chai. Unyevu umo kwenye hewa ya kila ukurasa; nguo za watu zimewashika migongoni. Na nyuso! Hapa nasimama, kwa sababu wachoraji wa Ubelgiji wana deni katika jambo hili. Hergé alipochora Tintin akiwa Congo, mwanzoni mwa miaka ya 1930, Wacongo wote aliwapa uso mmoja, midomo mikubwa na macho ya duara, ukurasa baada ya ukurasa. Mkono uleule uliochora magari na meli kwa unyofu wa kustaajabisha haukuona sababu ya kumtazama mtu mweusi mara mbili. Baruti ametokana na shule ileile ya uchoraji, ameujua ufundi wake wote, na kwenye kundi la wapagazi kumi anakupa watu kumi. Huyu ana mashavu yaliyobonyea, huyu amekunja uso kwa jua, yule nyuma anawaza jambo lake ambalo hadithi haitalitaja kamwe. Hakuna aliyemdai nyuso hizo. Wahusika wale hawana hata neno la kusema. Amewapa kwa sababu aliwaona.

Ningetaka hadithi ikae zaidi na yule mwenye sketi na kidogo zaidi mbali na rubani. Kila mara tunapoanza kumjua, tunarudishwa kwenye macho ya Mbelgiji, nami nilikuwa nimechoka na macho hayo. Lakini mikono ya mchoraji ilijua ni nani mwenye kisa. Mtazame mtu huyo anavyosimama, uzito wake ulivyo kwenye mguu mmoja. Katika mkao ule kuna maisha mazima ambayo maneno hayakuyafikia.

Nilikwenda nacho Kigoma nilipomtembelea mjomba wangu, aliyefanya kazi bandarini hadi alipostaafu. Mjomba hasomi Kifaransa. Baada ya chakula nilimpa, nikamwambia kinahusu Liemba ilipokuwa ya Wajerumani, nami nikaenda kuoga. Niliporudi alikuwa bado kurasa za mwanzo. Miwani ameisogeza kwenye ncha ya pua, kidole kiko kwenye picha ya ziwa yenye mwanga wa chini, jua limelala juu ya maji.

"Shikamoo tena, mjomba. Unaonaje?"

"Marahaba. Subiri kwanza, mjomba." Hakuinua kichwa. "Hii ni asubuhi au ni jioni?"

Nilikuwa nimekisoma kitabu mara mbili na sikuwa nimejiuliza.

"Kama ni asubuhi," akasema, "basi huyu aliyechora amesimama ng'ambo, Congo, jua linatokea huku kwetu. Kama ni jioni amesimama hapa hapa Kigoma, jua linazama kule." Akaisogeza picha kwenye dirisha, akaitazama rangi ya maji kwa muda mrefu, kisha akarudisha kurasa mbili nyuma akaanza tena taratibu, kisanduku kwa kisanduku, akitafuta upande ambao vivuli vilikuwa vimeangukia.